Mathe Anapanda Mlima Wusi na Kuni Mgongoni, So Mbona Bado Anahitaji Kupiga Chuma?

Ukimwambia mathe wa Wusi aanze mazoezi ya uzito, atakucheka hadi akae chini. Mazoezi gani tena? Shamba liko kwa mteremko, maji yako chini, kuni ziko juu, na ukishuka kwa mguu hadi Mwatate magoti yanaanza kuongea kabla hujafika. Na tusidanganyane, hapo ako na point. Huwezi linganisha miguu yake na ya mtu wa Voi ambaye hata kununua sukari anaita nduthi.

Lakini kuna kitu wasee wengi hawajashtukia.

Mwaka wa 1986 watafiti, mmoja wao akiwa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, waliandika kwa jarida la Nature kuhusu wamama wa Kenya wanaobeba mizigo. Walipima wamama Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa kamba ya kipajini. Wakapata kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Yaani mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 na mwili unaona ni kama anatembea mikono mitupu. Noma sana. Baadaye wakagundua ni ile mwendo yao, mwili unabembea kama pendulamu na nguvu inayopotea inapungua.

Mimi nasoma hiyo stori hivi: mwili ukishazoea mzigo, unaubeba kwa ujanja. Kuni ni zilezile, njia ni ileile, miaka 20. Sasa misuli hukua ikisumbuliwa na kitu imeshinda kuzoea. Mathe anachoka, ndio. Lakini kuchoka na kupata nguvu ni vitu mbili tofauti.

Na saa inakimbia. Kuanzia miaka ya 30 hivi mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka 10, na baada ya 60 inakimbia zaidi. (Ndio, wewe wa 27 unayesoma hii kwa matatu, uko karibu.) Kwa wamama kuna kitu kingine juu. Hedhi ikikoma, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndio ilikuwa inalinda mifupa. Ndani ya miaka 5 hadi 7 baada ya hapo, mama anaweza poteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mfupa. Hakuna maumivu, hakuna dalili. Unajua tu siku ameteleza kwa matope ya mvua na nyonga imevunjika, halafu familia nzima inaanza kuchanga doo za upasuaji na wewe ndio unaitwa wa kwanza juu uko na kazi.

Poa ni kwamba hii kitu inarudishwa, hata late. Mwaka wa 1990 huko Boston walichukua wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wa wastani miaka 90, wakawapigisha chuma ya miguu wiki 8. Nguvu ilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Miaka 90, bana! Na mwaka wa 2018 utafiti wa Australia ulionyesha wamama waliokoma hedhi na wenye mifupa dhaifu wakiinua uzito mkubwa mara mbili kwa wiki, nusu saa tu, kwa miezi 8. Mifupa ya mgongo iliongezeka karibu asilimia 3, wakati wenzao wa mazoezi mepesi walipungua. Ila walikuwa na mkufunzi karibu, so mathe asianze na gunia la mahindi.

Aanze na jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja, so hiyo mtungi wa kejani ni chuma inayoongezeka vile unataka. Achukue lita 5 kila mkono, ainame kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, asimame. Mara 8 hadi 12. Zile mbili za mwisho zikianza kuwa rahisi, anaongeza lita moja. Hapo kwa kuongeza ndio siri yote iko. Halafu asukume ukuta kwa mikono, akae na kusimama kwa kiti, apande juu ya vidole akishika meza. Siku mbili kwa wiki zinatosha, na hiyo ndio WHO pia inasema. Asizuie pumzi akiinua. Kama ako na presha, moyo ama amewahi vunjika mfupa, aone daktari kwanza.

Hatafura mabega kama baunsa. Testosterone ya mwanamke ni kidogo sana kwa hiyo. Chenye kitamsumbua zaidi ni aibu, majirani wakimwona anainama na jerikeni bila kuenda popote. Hapo chama inasaidia: wamama 10 wakifanya pamoja kabla ya kuhesabu pesa, nani atacheka nani? Na chakula iwe na maharagwe, mbaazi, mayai, maziwa. Kimanga ya maharagwe iko sawa kabisa.

Ukienda ocha wikendi, mpime hivi. Kiti bila mikono, mikono imekunjwa kifuani, sekunde 30 kwa simu yako, hesabu mara ngapi amesimama wima. Mama wa 60 hadi 64 akipata chini ya 12, wa 65 hadi 69 chini ya 11, yuko chini ya wastani na hatari ya kuanguka imepanda. Andika namba, rudia baada ya miezi mbili. Na ujaribu pia wewe, akikuhesabia.