Kupima Tabia ya Mtu

Je, tabia ya mtu yaweza kupimwa kama mtama katika pishi? Wataalamu walijaribu hivyo kwa Wahadzabe, warina asali wakaao kando ya Ziwa Eyasi, kusini ya Ngorongoro na karibu na Karatu. Kila mtu alipewa mirija minne ya asali, achague kwa siri mingapi aiweke na mingapi aitoe kwa kambi nzima. Kwa miaka kadhaa kambi 56 zilipimwa hivyo. Mwaka 2018 matokeo yalitangazwa: aliyekuwa mkarimu katika kambi moja hakuwa hivyo daima, alipohama, alifuata desturi ya wenyeji wake wapya. Basi, kabla hujamwita mwenzio mchoyo, tazama kwanza anakaa na nani.