Bima ya Gari, Nyumba na Dhima: Hasara Inayolipwa ni ya Nani?

Bima ya gari, bima ya nyumba na bima ya dhima binafsi hutofautiana hasa kwa jibu la swali moja: hasara inayolipwa ni ya nani. Mali ya mtu inapoharibika, hasara ni yake. Lakini anapomdhuru mwenzake kwa uzembe, sheria humtwika wajibu wa kumfidia, na wajibu huo ndio unaoitwa dhima. Mkataba wa bima waweza kubeba hasara ya kwanza, ya pili au zote mbili, na wengi wanaokata tamaa baada ya ajali ni wale waliodhani wana kinga ambayo hawakuwahi kuinunua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutumika barabarani bila bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani mtu asiye mwenye gari wala kampuni ya bima, kama vile mtembea kwa miguu aliyegongwa. Bima hiyo, ambayo mitaani huitwa bima ndogo, humfidia aliyeumizwa au warithi wa aliyefariki, lakini haitengenezi gari la mwenye bima aliyesababisha ajali, wala haimlipi likiibwa. Anayetaka kinga ya gari lake mwenyewe hukata bima kubwa, ambayo ada yake kwa kawaida hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Hata bima kubwa ina mipaka: mwenye gari hujilipia sehemu ya awali ya hasara kama mkataba unavyosema, na madai yake yaweza kukataliwa ikiwa dereva hakuwa na leseni halali, au gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi lilikuwa likibeba abiria kwa nauli.

Bima ya nyumba, ambayo mara nyingi wananchi hukutana nayo benki inapodai jengo lililowekwa rehani lilindwe, huhusu jengo lenyewe au vyombo vilivyomo, na mpangaji aweza kukatia bima vyombo vyake bila kugusa jengo la mwenye nyumba. Kosa kubwa hapa ni kutaja thamani ndogo ili kupunguza ada. Mikataba mingi hulipa kwa uwiano: nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi milioni 100 ikikatiwa bima ya milioni 60, kisha moto ukasababisha hasara ya milioni 20, kampuni italipa milioni 12 tu. Inafaa pia kuuliza ni majanga gani yaliyotajwa, kwa maana tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi, lilionyesha kuwa kinga ya moto peke yake haitoshi.

Bima ya dhima binafsi, ambayo mara nyingi huambatanishwa na ile ya nyumba, ndiyo inayojulikana kidogo zaidi, ingawa ukuta ukimwangukia mpita njia au mbwa akimng'ata mtoto wa jirani, gharama za matibabu na za kesi zaweza kuzidi thamani ya vyombo vyote vya mwenye nyumba. Kampuni hulipa fidia hadi kikomo kilichowekwa, lakini hailipii madhara yaliyofanywa kwa makusudi.

Mikataba yote mitatu husimama juu ya ukweli: anayeficha jambo muhimu wakati wa kujaza fomu huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa madai. Kampuni nayo ina wajibu wa kulipa inachodaiwa, na mwananchi aliyenyimwa haki yake aweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Malalamiko hayo, hata hivyo, hupimwa kwa maneno ya mkataba, na kwa hiyo mkataba usomwe, na kila kifungu kiuliziwe maswali, kabla ya kutiwa saini.