Fahamu: Ununuzi wa mtandaoni unabadilisha nini Kilembwe?

Ununuzi wa mtandaoni ni kuchagua bidhaa kwenye simu, kulipa kwa simu au wakati wa kupokea, kisha kuletewa mzigo.

Kinachobadilika ni bei

Kilembwe iko ndani ya eneo la Fizi, mashariki mwa Kongo, mbali na Ziwa Tanganyika, na bidhaa nyingi huifikia kupitia Baraka na Uvira. Bei ya dukani basi hubeba nauli pamoja na faida ya kila mkono ambao bidhaa imepitia. Picha za WhatsApp humwonyesha mteja bei ya mjini kabla hajaingia dukani, na huduma ya pesa kwa simu ya M-Pesa, iliyoingia Kongo mwaka 2012, humwezesha kulipa bila kusafiri. Kinachopotea kwanza ni siri ya bei.

Je, maduka yatafungwa?

Hofu hiyo ina uzito zaidi katika jiji kubwa kama Nairobi kuliko Kilembwe. Hata kampuni ya ununuzi wa mtandaoni ya Jumia, pamoja na mtaji wake wote, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kufikisha mzigo kwa mteja ni kazi ghali hata mjini, sembuse Fizi, ambako mvua huharibu barabara. Wengine watasema utapeli utaiua biashara hii. Utapeli upo kweli, lakini ndio unaompa nguvu mwenye duka anayejulikana: anaweza kupokea mizigo ya majirani na kulipwa kwa kazi hiyo. Atakayeumia ni yule aliyeishi kwa tofauti ya bei tu.

Mnunuzi, usitume pesa kwa muuzaji usiyemjua kabla mzigo haujafika.