Je, Ugumu wa Mafumbo Una Kikomo?

Mwaka 1974, mjini Budapest, mwalimu wa usanifu aitwaye Ernő Rubik alitengeneza mchemraba wa rangi sita ambao kila upande wake huzunguka peke yake. Ukivurugwa, mchemraba huo unaweza kukaa katika mipangilio 43,252,003,274,489,856,000. Kwa miaka mingi wanahisabati waliulizana: mpangilio mgumu kuliko yote unahitaji mizunguko mingapi ili rangi zirudi mahali pake?

Jibu lilipatikana Julai 2010. Tomas Rokicki, Herbert Kociemba, Morley Davidson na John Dethridge waliigawa mipangilio yote katika makundi zaidi ya bilioni mbili, wakayaondoa yale yaliyofanana kwa ulinganifu, kisha kompyuta za Google zikafanya kazi ambayo kompyuta moja ya mezani ingeimaliza kwa miaka 35 hivi. Jibu ni 20. Uvuruge mchemraba utakavyo, hautahitaji zaidi ya mizunguko 20, na ipo mipangilio isiyokubali pungufu ya hapo.

Basi kwa mchemraba wa Rubik kikomo kipo na tunakijua. Vipi kuhusu michezo mingine ya chemshabongo, ile inayochezwa kwenye simu kwa levo zinazopanda moja baada ya nyingine? Je, kupanda huko kuna mwisho? Jibu linategemea mambo matatu: ukubwa wa ubao, kanuni za mchezo, na akili ya anayecheza.

Ubao wenye mipaka

Tuanze na Sokoban, mchezo uliobuniwa na Mjapani Hiroyuki Imabayashi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtunza ghala anasukuma makasha hadi yafike kwenye alama zilizochorwa sakafuni. Anaweza kusukuma kasha moja tu kwa wakati, na kuvuta hawezi kabisa. Kasha likiingia kwenye kona isiyo na alama, levo imeharibika.

Chukua levo yenye miraba 30 ya sakafu na makasha matano. Makasha hayo yanaweza kupangwa kwa njia 142,506, na kwa kila mpangilio mtunza ghala anaweza kusimama katika mmoja wa miraba 25 iliyobaki. Jumla ni hali 3,562,650. Suluhisho fupi kuliko yote haliwezi kupita katika hali moja mara mbili, kwa sababu ukijikuta umerudi ulipokuwa, hatua zote za katikati zilikuwa za bure na zinaweza kukatwa. Kwa hiyo, hata kabla hatujaiona levo yenyewe, tunajua suluhisho lake fupi halifiki hatua 3,562,650.

Hoja hii inaushika kila mchezo wenye ubao wa ukubwa maalumu na vipande vinavyohesabika. Mara nyingi kikomo halisi huwa chini sana kuliko hesabu hiyo. Ule mchezo wa vigae 15 vinavyotelezeshwa ndani ya fremu ya nne kwa nne una mipangilio 10,461,394,944,000 inayoweza kutatuliwa, lakini hakuna hata mmoja unaohitaji zaidi ya hatua 80. Katika mchezo wa Rush Hour, ambao mchezaji huyasogeza magari yaliyobanana ili gari moja litoke, watafiti watatu wa Brussels, Sébastien Collette, Jean-François Raskin na Frédéric Servais, walionyesha mwaka 2006 kwamba mpangilio mgumu kuliko yote kwenye ubao wa sita kwa sita unahitaji hatua 93, ukihesabu kila mraba gari linaposogea.

Ubao unapokua

Sasa tuongeze ukubwa. Levo ya Sokoban yenye miraba 60 na makasha kumi, yaani maradufu ya ile ya kwanza kwa kila kitu, ina hali 3,769,701,378,300. Tumeongeza vitu mara mbili tu, hali zikaongezeka zaidi ya mara milioni moja.

Mtu anaweza kupinga kwamba wingi wa hali hauthibitishi kwamba suluhisho nalo litakuwa refu. Ni kweli, na ndiyo maana kazi aliyoifanya Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mwaka 1997 ni muhimu. Alionyesha jinsi ya kupanga kuta na makasha ya Sokoban hadi levo nzima ifanye kazi kama kompyuta yenye kumbukumbu ndogo: kusukuma makasha kunakuwa ndiyo kupiga hesabu, na levo inatatulika pale tu hesabu inapokamilika. Kompyuta ya aina hiyo, hata ikiwa na kumbukumbu ya tarakimu chache, inaweza kuhesabu hadi namba kubwa mno kabla ya kusimama. Kwa hiyo zipo levo ambazo suluhisho lake hurefuka maradufu, na maradufu tena, kadiri ubao unavyopanuliwa.

Hapa majibu mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Kila levo, ikichukuliwa peke yake, ina kikomo. Sokoban yenyewe, ikiachiwa kukua, haina.

Kikomo kisichohesabika

Lipo jambo zito zaidi ya hilo. Mwaka 1946 mwanahisabati Emil Post alichapisha fumbo la kadi ambalo mtoto wa shule anaweza kulielewa. Kila kadi ina herufi juu na herufi chini. Unaruhusiwa kutumia kadi yoyote mara nyingi upendavyo. Kazi yako ni kuzipanga ili mstari wa juu usomeke sawasawa na mstari wa chini.

Tuseme kadi ya kwanza ina a juu na baa chini. Ya pili ina ab juu na aa chini. Ya tatu ina bba juu na bb chini. Panga ya tatu, ya pili, ya tatu tena, kisha ya kwanza. Juu unapata bbaabbbaa, na chini unapata bbaabbbaa. Umemaliza. Lakini usidanganywe na wepesi huo. Ipo seti ya kadi tatu tu, zenye herufi zisizozidi tatu kila upande, ambayo jibu lake fupi kabisa lina kadi 75 mfululizo.

Je, kadi chache za namna hiyo zinaweza kudai jibu la urefu gani? Post alithibitisha kwamba hakuna kanuni ya hatua kwa hatua, wala programu ya kompyuta, inayoweza kusoma kila seti ya kadi na kusema bila kukosea kama ina jibu au haina. Sasa fikiria ingekuwapo fomula ya kikomo, inayosema kwamba jibu la seti hii, kama lipo, halizidi kadi elfu moja, au bilioni moja. Tungejaribu mipangilio yote hadi kufika hapo. Tusipolipata jibu, tungejua halipo. Hiyo ingekuwa ndiyo kanuni ambayo Post alithibitisha haiwezi kuwapo. Kwa hiyo fomula hiyo nayo haiwezi kuwapo. Ugumu wa kadi za Post unapanda haraka kuliko namba zinazotolewa na fomula yoyote inayoweza kuhesabiwa.

Jambo hili halikuishia kwenye karatasi za wanahisabati. Mwaka 2014 Linus Hamilton alionyesha kwamba Braid, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2008 ambao mchezaji hurudisha wakati nyuma, una tabia hiyohiyo ikiwa idadi ya viumbe ndani ya levo haikuwekewa mpaka. Hakuna programu inayoweza kuikagua kila levo ya Braid na kusema kama inamalizika.

Urefu na ugumu

Hadi hapa tumepima ugumu kwa hatua. Binadamu haupimi hivyo. Mnara wa Hanoi, fumbo la kuhamisha visahani kimoja kimoja kati ya nguzo tatu bila kuweka kikubwa juu ya kidogo, uliobuniwa na Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883, ukiwa na visahani 64 unahitaji hatua 18,446,744,073,709,551,615. Ukisogeza kimoja kila sekunde, utahitaji zaidi ya miaka bilioni 580. Hata hivyo anayejifunza kanuni yake kwa visahani vinne amekwisha kuuelewa wote. Kilichobaki ni uchovu.

Sasa linganisha na fumbo lililotolewa na mwanafalsafa Max Black mwaka uleule wa 1946. Ubao wa sataranji umekatwa miraba miwili ya pembe zinazotazamana, imebaki 62. Je, vipande 31 vya dhumna vinaweza kuufunika wote, kila kimoja kikilalia miraba miwili? Unaweza kujaribu wiki nzima usifanikiwe, wala usijue kama kosa ni lako. Kisha tazama rangi. Kila dhumna hufunika mraba mmoja mweusi na mmoja mweupe. Pembe zinazotazamana zina rangi moja, kwa hiyo miraba iliyobaki ni 32 ya rangi moja na 30 ya nyingine. Haiwezekani. Fumbo limekwisha kwa sentensi nne, na halitakuwa gumu kwako tena.

Petr Jarušek na Radek Pelánek, wa Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, walichunguza muda ambao watu hutumia katika levo za Sokoban na wakakuta kwamba idadi ya hatua haitabiri vizuri ni ipi itakayowashinda. Kilichokuwa na uzito ni kama levo inaweza kugawanywa katika sehemu zinazotatulika kila moja kivyake. Hilo linaeleweka ukikumbuka hoja ya mwanasaikolojia Nelson Cowan ya mwaka 2001, kwamba akili hushikilia takriban mambo manne kwa pamoja. Makasha matano yanayotegemeana yanatosha kuijaza. Makasha ishirini yasiyohusiana hayaijazi.

Ndiyo maana naamini watengenezaji wengi wa michezo hutafuta ugumu pasipostahili. Kuongeza makasha, kupanua ubao na kufupisha muda huongeza kazi bila kuongeza fikra. Levo inayostahili kuitwa ngumu ni ile inayodai wazo ambalo mchezaji hajawahi kuwa nalo, na akishalipata anabaki nalo hata akiizima simu.

Mawazo ya namna hiyo hayataisha, na hili si tumaini tu. Chukua mbinu zote za kutatua kadi za Post zilizowahi kugunduliwa, ziandike kuwa kanuni moja isiyokosea. Bado zitabaki seti zitakazoishinda kanuni hiyo, tena bila idadi. Ongeza mbinu mpya, na bado zitabaki. Post alithibitisha kwamba hakuna orodha ya mbinu itakayomfikisha mtu mahali ambapo hahitaji tena kufikiri upya.