Nyigu mdogo anayemmaliza funza wa mabua

Mkulima wa mahindi wa Nyamwage, wilayani Rufiji, akipasua bua lililotobolewa na kukuta vifuko vyeupe vilivyoshikana, vidogo kuliko punje za mchele, asikimbilie bomba la dawa. Hayo si mayai ya funza. Ni vifuko vya nyigu ambaye amekwisha kumuua funza huyo.

Nyigu huyo, kwa jina la kitaalamu Cotesia flavipes, ana urefu wa milimita tatu hivi na hana madhara kwa binadamu. Jike huingia katika tundu la funza ndani ya bua, humdunga na kumtagia mayai mwilini, kwa kawaida kati ya 15 na 65. Mayai yakianguliwa, watoto hula ndani ya mwili wa funza. Baada ya siku 10 hadi 15 hutoboa ngozi, hutoka na kusuka vifuko. Funza hufa, na siku sita hivi baadaye nyigu wapya huruka kutafuta funza wengine.

Faida yake kwa mfuko wa mkulima ni hii: funza akishazama ndani ya bua, dawa ya kupuliza haimfikii, na fedha iliyoinunua imepotea. Nyigu humfuata huko huko bila malipo. Lakini dawa hiyo hiyo humuua nyigu anapotua juu ya majani.

Funza wanaoshambulia zaidi mahindi ya pwani ni Chilo partellus, mdudu wa Asia aliyeonekana Afrika kwanza nchini Malawi miaka ya 1930. Kwa kuwa aliwaacha nyuma maadui zake, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilimchukua nyigu huyu Pakistan na kumwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Sasa yupo Tanzania pia.

Hata hivyo, nyigu peke yake hatoshi. Mkulima anashauriwa:

- Kukagua shamba mahindi yangali machanga. Kama dawa inahitajika, itiwe kwenye kikonyo kabla funza hajaingia katika bua.
- Kutoacha mabua yamesimama baada ya mavuno, kwa sababu funza hujificha humo hadi mvua za msimu ujao. Yakikatwa na kulazwa juani, wengi hufa.

Na kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa, apasue kwanza mabua machache.