Lango la Kiini cha Seli na Dawa ya Mtoto Mchanga

 

Leo najibu swali ninaloulizwa sana kliniki: "Sista, mtoto wangu ana kilo 3, ananyonya, analala vizuri. Kwa nini mnanipa dawa ya virusi nimpe kila siku?" Ni swali zuri, na jibu lake liko ndani ya seli.

Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli nyingi mna kiini, na humo ndimo yanamokaa maagizo ya urithi yanayoiambia seli ifanye kazi gani. Kiini kina ukuta, na ukuta una matundu. Sisi wa Voi tunalijua geti la Tsavo Mashariki: mjusi hupita chini ya ua bila kuulizwa, lakini gari lazima lipite getini. Matundu ya kiini ni vivyo hivyo. Vitu vidogo hupita tu. Vikubwa hubebwa na protini maalum zinazokubaliwa na nyuzi laini zilizojaa mlangoni.

Geti hilo si la mchezo. Kila tundu limeungwa kwa protini za aina 30 hivi, na vipande vyake vyote hukaribia 1,000. Seli inapogawanyika kuwa mbili, ukuta hubomoka na geti hufumuliwa vipande vipande, kisha hujengwa upya. Njiani, protini za kubeba hushikilia baadhi ya vipande visije vikagandana ovyo, na huviachilia karibu na maagizo ya urithi, pale ukuta mpya unapoinuka. Ndivyo seli inavyohakikisha geti linakaa ukutani, si katikati ya shamba.

Sasa, virusi vya Ukimwi vikiingia katika seli nyeupe ya damu, vinatafuta geti hilo. Kila kirusi kimefunga maagizo yake ndani ya ganda lenye umbo la koni. Zamani ilidhaniwa ganda hilo ni pana mno, lazima livunjike nje kwanza. Picha zilizochapishwa na wanasayansi mwaka 2021 zilionyesha linaweza kupita zima. Mwaka 2024 utafiti mwingine ukaeleza ujanja wake: ganda hushikana na zile nyuzi za mlangoni kama protini za kubeba zinavyofanya. Mimi namwita mwizi aliyevaa sare ya askari wa geti.

Akishaingia hujishona ndani ya maagizo ya seli. Kuanzia hapo, dawa zetu za kliniki humzuia asizaliane, lakini hazimtoi.

Basi mama, zidovudini na nevirapini unazompa mtoto huzuia kuandikwa kwa nakala ambayo kirusi lazima aiandike kabla ya kujishona. Ndiyo sababu tunaanza mara tu mtoto anapozaliwa, akiwa bado mzima. Niliwahi kumpokea mama aliyejifungulia nyumbani, akaja wiki ya pili kwa kuwa mtoto "hakuonyesha dalili". Dalili hazionekani siku hizo. Lakini ukichelewa, njoo tu. Hakuna atakayekufukuza, na maziwa unayomnyonyesha bado yanahitaji ulinzi.

Kwa mwongozo wa Kenya wa mwaka 2022, mtoto hupewa dawa hizo mbili kwa wiki 6, kisha nevirapini peke yake hadi wiki 6 baada ya kuacha kunyonya kabisa. Nawe umeze ARV zako kila siku. Hapo ndipo ulinzi mkubwa zaidi ulipo, kuliko hata dawa ya mtoto.

Siku hizi kuna dawa inayoligusa ganda lenyewe, lenakapaviri, sindano ya kila miezi 6 kwa wasio na virusi. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake 2,134 waliwekwa kwenye sindano hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Haichukui nafasi ya dawa ya mtoto, msichanganye.

Kipimo cha kwanza cha damu ya kisigino ni wiki 6, siku ileile ya chanjo. Njoo na kijitabu cha kliniki na chupa ya dawa hata kama imeisha, tuangalie pamoja kiasi ulichokuwa ukimpimia.