Mama, Maua ya Binti Yako Yachaguliwe Mapema

Kamati ya harusi ikikutana hujadili gari, keki, ukumbi, chakula na mpiga picha. Ua la bibi harusi hukumbukwa Alhamisi jioni, michango ikiwa imekwisha. Hapo mama mzazi hutuma mtu madukani Bukoba akanunue maua ya plastiki, au hukopa fedha ili mawaridi yaagizwe kutoka mbali. Mawaridi ya mashamba ya Arusha ni mazuri, hatukatai, lakini yakichelewa njiani hufika yameinamisha vichwa, na deni linabaki. Mama msomaji, katika mkoa wetu wenye mvua za vuli na za masika, shada zuri laweza kutoka uani kwako na kwa jirani zako.

Shada tunalolizungumzia ni lile la zamani la vikonyo virefu. Maua hukatwa pamoja na vikonyo vyake vyote, hupangwa mengine yakiwa juu na mengine chini kidogo, hufungwa kwa utepe mpana, na bibi harusi hulilaza juu ya mkono wake, vichwa vikielekea kwenye kiwiko. Halihitaji waya wala sifongo. Kwa hiyo kikonyo ndicho cha kwanza kutazamwa. Ua lenye rangi ya kupendeza lakini kikonyo kifupi au kilegevu halitufai hapa.

Kwa maoni yangu la kwanza ni yungiyungi jeupe, lile lenye umbo la faneli na kidole cha njano katikati, linalostawi penye unyevu. Matano hadi saba yanatosha, tena yanapendeza kuliko rundo. Lina matatizo yake. Ukiligusa kwa vidole hufanya baka la kahawia, kwa hiyo shika kikonyo tu. Ncha ya kikonyo ikikaa majini hupasuka na kujikunja. Ifunge kwa uzi au utepe kabla ya kuitia ndani ya ndoo. Utomvu wake huwasha ngozi, na ua lenyewe likitafunwa huunguza mdomo na koo. Wale watoto wanaotangulia mbele ya maharusi msiwape hili wachezee.

Wako wazee watakaosema hilo ni ua la msiba. Tusiwapuuze. Neno shada lenyewe tunalitumia msibani na harusini, na kwetu wapendwa wetu huzikwa kibanjani, karibu na nyumba, na mara nyingi maua hupandwa kaburini. Ukiona mayungiyungi mazuri kwa jirani, usiingie na kisu. Uliza yalipandwa kwa ajili ya nani. Na nyumbani kwako muulize bibi mapema, wiki mbili kabla, kama rangi nyeupe tupu itamsumbua. Akisita, changanya na mawaridi ya waridi au ya njano hafifu, maneno yataisha.

La pili ni gladiola. Huchanua kuanzia chini kwenda juu, basi likate Alhamisi jioni machipukizi mawili au matatu ya chini yakiwa yameanza kufunguka, na Jumamosi litakuwa limechanua vizuri. Binti mfupi asipewe gladiola ndefu mno, litamficha uso. Mawaridi ya bustanini yakatwe alfajiri yakiwa bado yamefumba lakini rangi inaonekana, na miiba iondolewe yote, la sivyo itararua gauni la kuazima.

Haibiskasi acha, ua lake ni la siku moja. Halafu kuna ua la mbuni. Baada ya mvua mibuni huwa myeupe, na harufu yake hakuna manukato ya dukani yanayoifikia. Binti akiliona atalitaka. Lakini hunyauka baada ya siku chache tu, na kila kichala ukatacho ni kahawa umeitupa. Sijui baba mkwe gani wa Muleba atakayekubali! Kahawa iwe ile ya kutafuna ya kukaribishia wageni.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifahamu. Ndoo ya maua tunaiweka chumba chenye baridi na giza, na mara nyingi chumba hicho hicho ndimo zinamoivishwa ndizi za sherehe. Ndizi zinapoiva hutoa hewa inayozeesha maua upesi. Mtu huamka asubuhi akakuta mawaridi yamepukutika, akaanza kumshuku jirani. Vitenganisheni. Kisu kiwe kikali na safi, ukate mshazari, uondoe majani yote yatakayozama majini, kisha maua yanywe maji usiku mzima.

Kama mnatoka Muleba kwenda kufunga ndoa Bukoba mjini, ndoo isafiri ndani ya gari pamoja na watu, isiwekwe nyuma ya pikapu kwenye jua na upepo. Usifungie maua kwenye majani ya mgomba. Ni baridi kweli, lakini utomvu wake ukigusa gauni jeupe hautoki hata kwa sabuni. Mayungiyungi yenye unga wa rangi ya machungwa nayo yaondolewe vile vijiti vya unga kabla binti hajavaa. Kabla ya kufunga utepe kausha vikonyo kwa kitambaa, na binti alishike shada kwa dakika kumi. Mkono ukichoka, punguza vikonyo. Ibada ni ndefu, ingawa wakati wa pete msimamizi atampokea.

Bwana Yesu alipotaka mfano wa uzuri unaomshinda Sulemani alitaja maua ya kondeni (Mathayo 6:28-29), hayakuwa ya kuagizwa. Na mwaka 1923 huko London, Elizabeth Bowes-Lyon, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza, alipoingia kanisa la Westminster aliweka maua yake juu ya kaburi la Askari Asiyejulikana. Kaka yake alikuwa ameuawa vitani mwaka 1915. Alifunga ndoa bila ua mkononi, na hadi leo watu wanalisimulia.

Kwetu mabinti wengi Wakatoliki huacha maua mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Binti aliyelelewa na bibi ambaye sasa ni marehemu anaweza kupeleka shada lake kibanjani, kaburini kwa bibi, kabla ya kwenda ukumbini. Mkiamua hivyo, mwambieni mpiga picha na dereva siku iliyotangulia, na msimamizi abebe viatu vya pili, maana kibanjani huwa na tope.